Kifaru, Joka na Ua wa Gurei

Mpimaji wa viwanja wa enzi za wafalme wa Joseon, kule Korea, angefika Gurei, mtaa wa pembezoni mwa Juba, Sudan Kusini, akauliza mambo mawili kabla hata ya kupewa maji ya kunywa: mlima uko wapi, na mto uko wapi? Wenyeji wasingepata taabu kumjibu. Mlima ni Jebel Kujur, umeketi magharibi mwa Juba na unauona ukiinua tu macho kutoka karibu kila kichochoro. Mto ni Nile, ambao huku huitwa Bahr el Jebel, unapita mashariki, ng'ambo ya mitaa yote ya katikati ya mji. Mgongo mlimani, uso majini. Wakorea huiita kanuni hiyo baesanimsu, na kwa karne nyingi hawakujenga kasri, shule wala kaburi bila kuitafuta. Walipohamishia makao makuu yao Hanyang mwaka 1394, mji ambao leo ni Seoul, walipachagua kwa hesabu hiyohiyo: mlima Bugaksan nyuma, mto Han mbele.

Shida ingekuwa jua. Seoul iko kwenye nyuzi 37 kaskazini ya ikweta, na nyumba ya jadi ya Kikorea, hanoki, hutazama kusini kwa sababu ya hesabu rahisi. Wakati wa baridi jua hupita chini, upande wa kusini, likapenya chini ya upenu hadi ndani ya chumba. Wakati wa joto hupanda juu, upenu ukalizuia. Seremala akikosea urefu wa upenu, familia nzima italipa, Januari kwa kutetemeka na Agosti kwa kuungua. Juba haifiki nyuzi 5. Jua la adhuhuri hupita utosini, miezi fulani likiegemea kaskazini, miezi mingine kusini, na hakuna ukuta ambao halitaufikia. Nadhani ndiyo sababu tukuli, nyumba ya udongo ya huku, ni ya duara, na paa lake la nyasi limeshuka sawasawa pande zote. Mbele yake ni pale tu mlango ulipo.

Niliingia Juba kwa basi kutoka Kampala, kupitia Elegu na Nimule, juu ya ile lami ya kilomita 192 iliyokamilika mwaka 2012. Safari yenyewe haina mengi: malori ya saruji na mabati ya Uganda, vizuizi, mbuzi, na abiria wa nyuma yangu aliyelala tangu mpakani hadi stendi. Kutoka mjini nilichukua boda. Mwenyeji wangu Gurei alikuwa mama wa rafiki niliyesoma naye Dar es Salaam. Aliishi Kakuma, kaskazini mwa Kenya, tangu kambi ile ya wakimbizi ilipokuwa changa, na Kiswahili alichotoka nacho ni cha haraka, kisicho na subira na ngeli. Nilimwamkia shikamoo, akacheka, akanijibu kwa Kiarabu cha Juba, "Ita kwes?" Kisha akaniambia niketi.

Nilikuwa na sababu ya kwenda. Muda si mrefu kabla ya hapo nilikuwa Korea, nikizunguka kutazama majengo ya Seoul na shule za kale za Andong, na rafiki yangu alipoona picha alisema jambo lililonikera: "Huu ua mbona kama wa kwetu?" Nilimwambia hapana. Nilimweleza habari za falsafa, Konfusio, na mabwana wa Kikorea waliokaa wakitazama milima. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia niende kwa mama yake nikaone.

Lakini kabla ya ua wa mama yake kuna kifaru.

Agosti 2010, miezi michache kabla ya kura ya maoni iliyoleta uhuru, serikali ya Sudan Kusini ilitangaza mpango wa kuijenga upya miji yake kwa maumbo ya wanyama na matunda. Juba ingepangwa kwa umbo la kifaru, Wau twiga, Yambio nanasi. Gharama ilitajwa kuwa dola bilioni 10. Dunia ilicheka. Magazeti ya Ulaya yalichapisha ile michoro, na kila mtu akatafuta ni wizara gani ingeangukia mkiani. Dereva wa boda aliyenipeleka Gurei alikuwa bado anaukumbuka mzaha huo, na alikuwa na jibu lake kuhusu wao wa pembezoni wangekuwa kiungo gani cha mnyama yule. Siwezi kuliandika hapa.

Mimi sikucheka sana, maana nilikuwa nimetembea juu ya mgongo wa joka. Sejong, mji wa serikali ambao Korea iliuzindua mwaka 2012 ili kuipunguzia Seoul mzigo, una jengo la wizara ambalo kwa kweli ni majengo 15 yaliyounganishwa, yakipinda huku na huku, na juu yake kuna bustani moja ya paa yenye urefu wa zaidi ya kilomita 3. Kila anayekutembeza hukwambia ni joka. Utaliona ukiwa kwenye helikopta. Ukiwa chini, karani anayewahi kazini asubuhi, unaona ukuta wa kioo usiokwisha na lango ambalo si lako. Bustani ya juu ni nzuri kweli, ila haikutokana na maisha ya mtu yeyote. Watu hupita wakisoma vibao.

Kifaru na joka wana undugu mwingine. Septemba 2011, baada ya uhuru, baraza la mawaziri mjini Juba liliamua kuuhamishia mji mkuu Ramciel, katikati ya nchi, na kazi ya kulichunguza eneo hilo ikapewa LH, shirika la umma la ardhi na nyumba la Korea, ambalo mkono wake umo katika ujenzi wa Sejong. Ramciel bado ni mbuga. Juba nayo imeendelea kukua bila kifaru wala joka, kwa kuongeza nyumba moja pembeni ya nyingine, na hivyo ndivyo Gurei ilivyopatikana.

Umbo linaloonekana kwa mbali ni mtego wa wasanifu wa kila nchi. Mmoja aliyenaswa na akajifunza ni Kim Swoo-geun, aliyezaliwa 1931, ambaye wengi humhesabu baba wa usanifu wa kisasa wa Korea. Mwaka 1967 jengo lake la makumbusho ya Buyeo lilizua kelele magazetini: watu walilitazama paa na lango lake wakasema ni hekalu la Kishinto, la Kijapani. Korea ilikuwa imetoka katika utawala wa Japani mwaka 1945 tu, na makumbusho hayo yalikuwa ya ufalme wa kale wa Baekje, yaani urithi wao wenyewe. Alijitetea, lakini doa lilibaki.

Baada ya hapo Kim aliachana polepole na mapaa yanayosema kwa sauti. Akajenga ofisi yake, jengo la Space, jirani na kasri la Changdeok mjini Seoul, katika miaka ya 1970. Kwa nje ni boksi la matofali meusi lililofunikwa na mimea inayotambaa. Ukipita na haraka zako hulioni. Ndani ndiko kwenye mambo. Dari ni la chini kiasi kwamba mtu mrefu huinamisha kichwa, ngazi zinapita mtu mmoja, sakafu zimepishana nusu ghorofa, na chumba kinakutolea katika chumba kingine bila ukumbi katikati. Nilipanda, nikashuka, nikapanda tena, na nikashindwa kusema niko ghorofa ya ngapi. Kisha, ghafla, dirisha linafunguka kwenye ua mdogo, na pumzi inarudi. Tangu 2014 jengo hilo ni jumba la sanaa.

Chini yake palikuwa na ukumbi mdogo wa maonyesho, na hapo mwaka 1978 wanamuziki wanne walipiga kwa mara ya kwanza ule muziki wa ngoma na upatu ambao leo dunia inaujua kwa jina la samulnori. Ngoma hiyo asili yake ni ya wakulima. Ilipigwa nje, uani na njiani, wapigaji wakizunguka kwa miguu. Ilipoingizwa ndani ya chumba kidogo, wapigaji wakaketi. Muziki ukabadilika kwa sababu nafasi ilibadilika, na sijaona mahali pengine ambapo jambo hilo limetokea mbele ya macho ya watu kwa uwazi namna ile.

Sasa tuje kwa Mama.

Ukifika kwake unakuta ua wa mianzi iliyopangwa wima na kufungwa kwa kamba, umri umeshaitia rangi ya kijivu. Upande mmoja umeshatolewa na kuwekwa mabati. Lango ni bati pia. Ukilifungua huoni nyumba: mbele yako, hatua tatu hivi, umesimamishwa mkeka wa nyasi urefu wa mtu, nawe inabidi uzunguke kushoto. Nilipouona nilisimama. Nyumba za jadi za Beijing, zile zenye vyumba pande nne kuzunguka ua, zina ukuta kama huo nyuma ya lango, na Wachina husema unazuia pepo wabaya, kwa kuwa pepo huenda moja kwa moja na hawajui kukata kona. Nilimuuliza Mama wa kwake ni wa nini. "Watu wapitao njiani wana macho," alisema. "Nikiwa nasuka nywele, wataona nini?"

Nyuma ya mkeka ndiyo hoshi, ua wenyewe, ardhi tupu iliyofagiliwa hadi ikawa na mistari ya ufagio. Kuna tukuli mbili, moja ya kulala na nyingine ambayo siku hizi ni stoo. Kuna nyumba ya matofali yenye vyumba viwili na paa la bati, aliyojenga mwanawe. Jiko liko pembeni chini ya banda. Kuna mwarobaini mmoja mkubwa, na karibu na katikati rakuba: nguzo sita za miti, juu mianzi na nyasi, pembeni hakuna ukuta. Choo kiko mbali kabisa, kona ya nyuma. Mapipa ya maji yako karibu na lango ili mwenye gari la maji asilazimike kuingia ndani.

Kwa hesabu ya mwanasheria au ya benki, nyumba hapo ni ile ya matofali. Lakini siku nzima sikuona mtu akikaa ndani yake ila kwa kwenda kuchukua kitu. Asubuhi viti vya plastiki vilikuwa magharibi mwa tukuli, kwenye kivuli chake kirefu. Ilipofika saa tano vikahamia rakubani. Niliwahi kuchagua mahali pangu pazuri chini ya mwarobaini, Mama akanikataza. "Mwanangu, usikae hapo. Saa nane jua litakuja kukutoa." Saa nane lilikuja. Jioni vilihamia tena, mara hii mbele ya nyumba ya matofali, ukuta wake wa mashariki ukiwa umekwisha kupoa. Usiku, maana ulikuwa msimu wa kiangazi, vitanda vya kamba vilitolewa nje na vyandarua vikafungwa kwenye mti na nguzo. Ua uleule ulikuwa sebule, jiko, ofisi na chumba cha kulala, na hakuna kilichojengwa wala kubomolewa, viti tu.

Ua wa hanoki, madangi, nao ni mtupu. Hili humshangaza mgeni aliyetoka Japani, ambako ua wa nyumba ya heshima hupandwa kila jani kwa makusudi, na mtu huketi ukumbini akautazama kama anavyotazama picha. Wakorea waliacha ardhi wazi, mara nyingi wakimwaga mchanga mweupe wa mawe ya matale, na miti wakaipanda nyuma ya nyumba. Sababu moja ni mwanga: mchanga huo hurudisha jua ndani ya vyumba vyenye madirisha ya karatasi, chini ya upenu uliozuia jua la moja kwa moja. Sababu ya pili nilieleweshwa nikiwa nimekaa kwenye maru, ule ukumbi wa mbao ulio wazi katikati ya nyumba. Mchana wa kiangazi ua mtupu huchemka na hewa yake hupanda. Hewa ya baridi iliyojificha chini ya miti ya nyuma huvutwa kuja kujaza nafasi, na njia yake ni kupitia maru. Unakaa pale unapulizwa upepo usiokuwepo barabarani. Nyumba ni pafu, na ua mtupu ndio unaolifanya livute.

Nilimsimulia Mama habari hiyo. Alisema yeye anafagia kwa sababu ya nyoka na nge. Ardhi ikiwa wazi wanaonekana. Kisha akaongeza, bila mimi kumuuliza, kwamba rakuba yake iliwekwa pale na marehemu mumewe baada ya kukaa na kiti sehemu tatu tofauti kwa msimu mzima, akitafuta upepo unakopita.

Sitaki kudai kwamba Wabari, watu wa asili wa huku, na Wakorea walisikilizana. Hawakujuana. Na tofauti ni kubwa: kitovu cha nyumba ya Kikorea ni sakafu inayopashwa moto kwa moshi unaopita chini yake, ondoli, na sakafu hiyo ndiyo iliyowafundisha kuvua viatu, kula na kulala chini. Huku moto uko nje na kila mtu anaukimbia. Tena nyumba ya bwana wa Joseon ilipasuliwa kwa vyeo. Kulikuwa na upande wa wanaume wa kupokelea wageni, upande wa wanawake ndani kabisa, na safu ya watumwa kando ya lango, kila upande na ua wake na ukuta wake. Msomaji wa pwani ataelewa haraka zaidi kuliko wa bara. Nyumba ya mawe ya Lamu nayo inakupokea dakani, inakugeuza kona kabla ya kukufikisha kiwandani, kisha inakupandisha cheo chumba kwa chumba hadi ndani, ambako wewe mgeni hufiki. Kwa Mama ngazi hizo zipo ila hazina kuta. Muuza mkaa huishia kwenye mapipa. Mchungaji huketi rakubani. Mimi, kwa kuwa nimesoma na mwanawe, nilipewa kigoda jikoni siku niliyomsaidia kupepeta mtama. Hakuna aliyeniambia mpaka uko wapi, na sidhani kama niliuvuka.

Ua mtupu hujazwa. Madangi ilipokea mavuno ya mpunga, harusi, tambiko za mababu na jeneza. Hoshi ya Gurei hupokea mtama wa kuanikwa, wazee wanaojadili mahari, na msiba. Jirani wa Mama alifiwa nikiwa huko. Kabla ya saa sita maturubai yalikuwa yamefungwa, viti vimekopwa kutoka nyumba zote za mtaa, na kipande cha uzio kati ya nyua mbili kimefunguliwa ili wanawake wapitishe masufuria. Mianzi hufunguka. Wiki iliyofuata walifunga tena kamba zilezile.

Korea walikokwisha kufika ni kwingine. Vita vya 1950 hadi 1953 viliacha Seoul magofu, watu wakamiminika mjini, na jibu la serikali likawa ghorofa. Mtaa wa kwanza mkubwa, Mapo, ulianza kukaliwa mapema miaka ya 1960. Leo zaidi ya nusu ya nyumba za nchi nzima ni za maghorofa ya namna hiyo, majengo pacha yenye namba kubwa ubavuni ili mtu asipotee akirudi kwake. Ondoli ilipanda nayo ghorofani, sasa kwa mabomba ya maji ya moto. Viatu huvuliwa mlangoni bado. Ila ua haukuweza kupanda lifti.

Ndiyo maana wasanifu wa kizazi kilichofuata wanahangaika nao hadi leo. Seung H-Sang, aliyefanya kazi ofisini kwa Kim Swoo-geun, alitoka na hoja aliyoiita uzuri wa umaskini. Alikuwa ameitazama mitaa ya wanyonge iliyopanda vilima vya Seoul, ambako nyumba ni ndogo kiasi kwamba kichochoro kinageuka ua wa wote: hapo watu huanika, hupika, hugombana. Akajenga nyumba za watu wenye uwezo kwa akili hiyo, akitenganisha vyumba ili mtu atoke nje, akanyage ua wazi, ndipo aingie chumba kingine, hata kama mvua inanyesha. Nyumba aliyoifanya Seoul mwanzoni mwa miaka ya 1990, Sujoldang, ni ya namna hiyo. Ni kazi nzuri. Lakini jina lile linanikwaza, na lilinikwaza zaidi Gurei. Anayenunua ua mtupu kwa bei ya kiwanja cha Seoul ana chaguo. Mama hakuchagua umaskini ili apate uzuri, na mtu akimwambia kwamba mianzi yake ni hoja ya kifalsafa, nadhani atamwomba amletee matofali.

Kwa sababu matofali ndiyo anayoyataka. Kila ninapotembea Gurei naona mianzi ikipungua na kuta zikipanda, nyingine zimechomekwa vioo vya chupa juu. Sababu hazifichiki. Desemba 2013 na tena Julai 2016 mapigano yalipita Juba, mitaa ya karibu na Jebel ikiwemo, na waliokimbia waliacha nyumba zilizozungushiwa mikeka. Kuna wezi wa usiku. Na kuna ardhi yenyewe. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2009 inaitambua ardhi ya jamii pamoja na ya umma na ya mtu binafsi, lakini pembezoni mwa Juba madai hupandana: ya ukoo wa Kibari, ya aliyepimiwa, ya aliyerudi kutoka ukimbizini akakuta mtu, ya mwenye bunduki. Katika hali hiyo ukuta wa saruji ni hati. Aliyekwisha kujenga amekwisha kusema.

Juba ilianza hivyo. Waingereza walipohamisha makao yao ya jimbo kutoka Mongalla katika miaka ya 1920, palikuwa na kijiji cha Wabari mahali walipopataka, kikasogezwa. Wakorea wana kisa chao cha namna hiyo, kikubwa zaidi kwa mawe. Mwaka 1926 Wajapani walimaliza makao ya gavana wao wakiwa wameyaweka ndani ya kasri la Gyeongbok, mbele kabisa ya ukumbi wa kiti cha enzi, ili anayetazama kutoka mjini asiuone ukumbi ule na mlima nyuma yake. Jengo lilikuwa imara na zuri, lilitumika kwa miongo mingi baada ya uhuru, hata kama makumbusho ya taifa. Tarehe 15 Agosti 1995, miaka 50 tangu ukombozi, walianza kulibomoa. Wapo waliosema ni hasara. Lakini kosa la jengo lile halikuwa kuta zake. Lilikuwa limekaa mahali pasipo pake.

Mlima wa Gurei nao unaliwa. Chini ya Jebel wanawake huketi na nyundo wakivunja mawe kuwa kokoto, kila mmoja na chungu yake kwa ukubwa wa kokoto, kitambaa kimetundikwa kwenye vijiti vinne juu ya kichwa. Nilikaa na mmoja wao. Hushika jiwe kwa kipande cha mpira wa tairi kilichokatwa tundu ili vidole visipondwe, anapiga mara mbili, tatu, anasukuma vipande kwa mguu bila kuangalia. Malori huja kuzoa jioni. Kokoto hizo ndizo zinazosimamisha kuta za Gudele, Munuki na Gurei yenyewe. Yule mpimaji wa Joseon angepiga yowe: kwa imani yake, kuuchimba mlima wa mgongoni ni kukata mshipa wa nchi. Mwanamke yule ana watoto wa kulipia karo.

Sisi Dar tuliyoletewa na Wakorea ni Daraja la Tanzanite na hospitali ya Mloganzila, vyote kwa mikopo yao, na vyote tunavitumia. Wajapani wamewajengea Juba Daraja la Uhuru, lililofunguliwa Mei 2022 baada ya vita kuikatiza kazi zaidi ya mara moja. Saruji na chuma husafiri vizuri. Ua hakuna anayeuweka kwenye mkataba wa mkopo.

Siku chache kabla sijaondoka fundi alikuja kwa Mama na kamba, mambo za mbao na kijana wa kushika upande wa pili. Ni Mganda, amejenga nusu ya mtaa. Mwana wa pili wa Mama alitaka vyumba vinne vya kupangisha, mstari mmoja, mlango kwa mlango, na ukuta wa matofali ya saruji kuzunguka kote. Alikuwa na hesabu yake kwenye simu: kodi kwa mwezi, miaka ya kurudisha fedha. Sikuona kosa ndani yake. Fundi alipiga mambo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne iliangukia chini ya rakuba.

Mama aliyekuwa akichagua mchele aliinuka, akaing'oa.

"Mama, ukisogeza hapo tunapoteza chumba kimoja," fundi alisema.

"Kipotee."

"Hicho ni kodi kila mwezi, Mama," mwanawe akadakia.

"Mimi nikifa, watu utawaketisha wapi? Kwa wapangaji, kitandani?"

Kijana alicheka kidogo, akaacha. Mama hakuishia hapo. Alilitazama lango jipya lililochorwa ardhini kwa majivu, likiwa limeelekea moja kwa moja kwenye jiko, akasema hilo nalo lisogee, liwe upande wa mti. Fundi alieleza kwamba lango likisogea hivyo linataka nguzo nyingine, nondo nne na mifuko miwili ya saruji, na kwamba lori la mchanga lililokwisha kulipwa halitatosha. Mama alimsikiliza, akamwambia nguzo ajenge, mchanga utaletwa, ila lango la chuma asiagize yeye; atakwenda sokoni Konyo Konyo mwenyewe kuuliza bei.